Zamu, kanuni, ramani: maarifa ya jamii yanavyokuza msamiati wa mtoto

Shule ikiona watoto wa madarasa ya chini wanasoma kwa shida, kipindi cha kwanza kukatwa huwa maarifa ya jamii. Hoja inaonekana ya busara: mtoto hajui kusoma, basi aongezewe muda wa kusoma. Asubuhi silabi, mchana silabi. Habari za familia, majirani, kanuni na ramani zitasubiri akue. Sisi tunaowaandaa walimu wa elimu ya awali tunaona shule hiyo inajikwamisha, kwa sababu imekifuta kipindi kinachompa mtoto maneno atakayoyakuta kitabuni.

Mwaka 2020 Taasisi ya Fordham ya Marekani ilichapisha uchambuzi wa takwimu za maelfu ya watoto waliofuatiliwa tangu chekechea hadi darasa la tano. Waliokuwa na muda mrefu zaidi wa maarifa ya jamii walifika darasa la tano wakisoma vizuri zaidi. Kuongeza muda wa vipindi vya lugha hakukuonyesha nafuu ya namna hiyo. Uchambuzi wa aina hii hauthibitishi kwamba hiki ndicho kilicholeta kile, na nisingependa mwalimu mkuu apange ratiba kwa kuutegemea peke yake. Hata hivyo unakwenda sambamba na jambo linalojulikana kitambo. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Anayejua jambo linalozungumzwa hufahamu anachosoma.

Sasa turudi kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye bado hasomi. Yeye hunasa neno upesi mno. Watafiti Susan Carey na Elsa Bartlett, mwaka 1978, waliwaonyesha watoto wa umri huo sinia mbili, moja ya buluu na nyingine ya kijani cha zeituni, wakaomba waletewe "ile ya chromium, si ya buluu". Neno hilo, geni kwa watoto na lililowekwa kuwa jina la ile rangi ya zeituni, lilitajwa kwa kupita tu. Siku kadhaa baadaye baadhi ya watoto walikuwa wamebaki na fununu: chromium ni rangi. Rangi gani hasa, wengi hawakuweza kusema. Ndivyo maneno mapya yanavyoingia. Kusikia mara moja humpa mtoto fununu, na maana kamili huja polepole, kwa kulikuta neno lilelile katika hali mbalimbali. Orodha ya maneno ubaoni haimpi nafasi hiyo. Mada inayozungumzwa wiki nzima humpa.

Maarifa ya jamii yana faida moja zaidi: mada zake tayari zimo katika maisha ya mtoto, na mara nyingi zinamuuma. Chukua watoto wawili wanaogombea bembea. Mmoja analia kwamba mwenzake hataki kushuka. Mwalimu anaweza kusema "achieni wote" na ugomvi ukaisha, na hakuna neno lililopatikana. Au anaweza kusema: "Wewe unaona si haki. Na wewe unasema ndiyo kwanza umepanda. Basi tunahitaji makubaliano. Makubaliano ni jambo ambalo nyote wawili mmelikubali, kisha mnalishika." Watoto wanakubaliana kuhesabu hadi ishirini, mmoja ashuke. Siku ya pili mwalimu anauliza kama makubaliano ya jana yalishikwa. Siku ya tatu anawasomea hadithi ya simba anayemwamuru sungura amgawie mawindo yake, kisha anauliza: "Je, haya ni makubaliano?" Mtoto akijibu, "Hapana, sungura ameogopa tu," usimtafutie mtihani mwingine. Ameshajua kwamba pasipo ridhaa hakuna makubaliano, na wapo watu wazima wanaolisahau hilo.

Wakati ni mada nyingine tajiri, na ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa miaka minne husema "jana tulienda kwa bibi" kumbe ni miezi mitatu iliyopita. Kwake jana ni siku yoyote iliyokwisha pita. Kumsahihisha kwa neno moja hakusaidii sana. Mpangie picha zake ukutani kwa mfuatano: kabla hajazaliwa, alipozaliwa, alipoanza kutembea, sasa. Mbele ya picha hizo kabla, baada, zamani, tangu na kizazi yanapata pa kushika, naye ataanza kuuliza maswali ambayo wewe mwenyewe utalazimika kwenda kuwauliza wazee.

Ramani nazipitia haraka. Waache watoto wajenge darasa lao kwa vibao sakafuni kabla ya kuwapa karatasi, maana kulitazama jambo kutoka juu ni kazi nzito kwa umri huo. Kando, katikati, mkabala, mpaka na alama yatahitajika yenyewe wakati wa kujenga. Kaskazini na kusini havina haraka.

Mwalimu wa Kiswahili asisahau pia kwamba neno moja huja na ndugu zake. Darasa likichagua kiongozi wa kugawa vitabu, kuongoza, kiongozi na uongozi vinafundishwa kwa pamoja. Likipiga kura kuchagua hadithi ya kusomwa, kuna mpiga kura, matokeo, wengi na wachache. Ila matokeo yaheshimiwe. Mwalimu akipuuza kura kwa sababu hadithi iliyoshinda haimpendezi, watoto watakuwa wamejifunza maana tofauti kabisa ya neno uchaguzi.

Maneno mapya matatu au manne kwa wiki yanatosha, mradi yarudi tena na tena katika mchezo, hadithi, michoro na mazungumzo. Yaelezwe kwa lugha ya mtoto. Fasili ya kamusi ni ya watu wazima.

Mzazi hahitaji vifaa. Muulize mtoto nani alikitengeneza kiti alichokalia, kilifikaje hapo, kingekosekana tungefanyaje. Na kama nyumbani mnazungumza lugha nyingine, zungumzeni kwa lugha hiyo bila wasiwasi. Mtoto anayeelewa haki au zamu ni nini kwa lugha ya mama anapofika shuleni hubakiwa na kujifunza jina tu, kazi nyepesi kuliko kuanza na dhana yenyewe.

Kupima kama neno limekaa, acha kumwambia mtoto akariri maana yake. Mwombe mfano, kisha mwombe kitu ambacho si mfano: "Nitajie kanuni moja ya darasa letu. Je, 'napenda rangi nyekundu' ni kanuni?" Halafu msikilize anapocheza na wenzake, pale ambapo hajui kama unasikiliza. Akilitumia visivyo, kama yule atakayedai kuna kanuni kwamba yeye ndiye wa kwanza siku zote, muulize kanuni hiyo iliwekwa na nani, na wenzake waliikubali lini.