Anaongea, basi hahitaji ICU?

"Anaongea vizuri, GCS 15, mpelekeni wodini." Kauli hii nimeisikia tena wiki hii kuhusu mgonjwa aliyemeza amitriptilini nyingi (dawa ya sonona), na safari hii siwezi kuinyamazia: kuongea si sababu ya kumnyima ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi.

GCS, yaani kipimo cha Glasgow cha kiwango cha fahamu (3 ni kuzimia kabisa, 15 ni fahamu kamili), kilichapishwa mwaka 1974 kwa ajili ya majeruhi wa kichwa. Kwenye sumu ya dawa kinapotosha pande zote mbili. Aliyemeza benzodiazepini (dawa za usingizi na wasiwasi) peke yake anaweza kushuka hadi 7, akakoroma kwa saa kadhaa, akaamka salama, mradi anapumua vizuri na yupo anayemwangalia. Utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2023 uligusa hilo hilo: wagonjwa wa sumu wenye GCS chini ya 9 ambao hawakukimbiliwa na mpira wa kupumulia walipata matokeo mazuri zaidi kuliko wenzao. Lakini waliomeza dawa za moyo hawakuingizwa humo, na watu husahau kulitaja hilo.

Mimi wananitia hofu wanaoongea. Huyu wa amitriptilini alikuwa ameketi kitandani anaomba maji. Bila shaka anaomba maji: kinywa kimekauka, mboni zimetanuka, moyo unakwenda 130. Dalili zote zipo, ila hakuna aliyeziunganisha kwa sababu anajibu maswali. Pigeni ECG, kipimo cha umeme wa moyo! QRS, yaani muda wa umeme kupita kwenye vyumba vikubwa vya moyo, ikizidi milisekunde 100, degedege linaweza kuja; ikizidi 160, mapigo yanaweza kuvurugika wakati wowote. Tazameni na wimbi la R kwenye mstari wa aVR wa ECG hiyo, kama limekuwa refu. Baikaboneti ya mshipani, dawa ya kuukinga moyo na sumu hii, ianze pale pale, kitanda cha ICU kitafutwe huku inaingia. Na ECG irudiwe, maana ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa.

Verapamili (dawa ya moyo na presha) ya kuachia dawa polepole: presha nzuri ya saa ya kwanza isimtulize mtu, mgonjwa aangaliwe saa 24. Metadoni (dawa ya jamii ya afyuni): naloksoni, dawa ya kuipinga, huisha mwilini kabla yake, kwa hiyo aliyeamka mchana anaweza kuacha kupumua usiku wodini. Parasetamoli: ini huumia kimya kimya, pimeni kiwango chake kwenye damu kuanzia saa 4 baada ya kumeza.

Zipo alama za kukokotoa nani atahitaji ICU, nami nazitumia. Zinanisaidia zaidi kumtambua asiyeihitaji. Kwa anayeihitaji imani yangu hupungua, kwani baadhi zimejengwa kwa kumbukumbu za waliokwisha kulazwa ICU, na yule aliyezorota wodini hayumo kwenye hesabu. Tena zote hutegemea dawa iliyotajwa, na mgonjwa mara nyingi hutaja moja kati ya tatu, au hukosea saa aliyomeza.

Ndiyo maana ndugu wakija na mfuko wa pakiti tupu, msiutupe. Zihesabuni, someni kama ni za kuachia polepole, kisha ndipo mnipigie simu.