Mtiririko wa damu si presha, wala si kasi

Juzi nimemsikia tena mtu akisifia kifaa cha kufunga mkononi kwamba "kinapima mtiririko wa damu bila sindano". Namba zilizotokea kwenye kioo chake zilikuwa za presha. Kosa hili limekuwa la kawaida mno, hata kwa watu waliosoma, na linapotosha.

Mtiririko wa damu ni ujazo wa damu unaopita mahali fulani kwa muda fulani, basi. Kipimo chake ni lita au mililita kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 kila dakika, na kati ya hizo ubongo hupata kama mililita 750.

Presha ni jambo jingine, na neno "shinikizo" linalieleza vizuri tukilisikiliza. Shinikizo ni pia mtambo wa kukamulia mafuta: mbegu hubanwa, mafuta yakatoka. Kubana ni kubana, na mafuta yaliyotoka ni mafuta yaliyotoka. Tundu likiziba, utabana kwa nguvu zako zote usipate hata tone. Kutiririka ni kwenda, kama yanavyotiririka maji, machozi na jasho. Labda tunachanganyikiwa kwa sababu "presha" tumeigeuza jina la ugonjwa. Tunasema fulani ana presha, ilhali kila aliye hai anayo.

Viwili hivi huweza hata kwenda kinyume. Tumbukiza mkono kwenye maji ya barafu: mishipa midogo hujibana, presha hupanda, na damu inayofika kwenye vidole vya mkono huo hupungua. Aliyeangalia presha pekee angedhani damu imeongezeka.

Kosa la pili hufanywa na wanaojua zaidi, nalo ndilo linaloniudhi hasa. Husema kipimo cha Doppler, kinachofanywa kwa mashine ya altrasaundi, hupima mtiririko. Christian Doppler, mwanafizikia ambaye kipimo hicho kina jina lake, hakuwa daktari. Mwaka 1842, huko Prague, aliandika kuhusu rangi ya nyota: mawimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyosogea karibu au mbali. Mashine ya altrasaundi hutumia kanuni hiyohiyo. Hurusha mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, yakagonga chembe nyekundu za damu zinazokwenda, kisha mawimbi hayo hurudi yamebadilika kidogo. Kwa mabadiliko hayo tunapata kasi, yaani sentimita kwa sekunde. Ujazo bado hatujaupata.

Ili kupata mtiririko ni lazima kuzidisha kasi ya wastani kwa eneo la mkato wa mshipa, na hapo ndipo watafiti wanapohangaika. Chukua mshipa wenye kipenyo cha milimita 6, damu ikienda kwa wastani wa sentimita 25 kwa sekunde: utapata kama mililita 424 kwa dakika. Ukikosea kidogo tu ukasoma kipenyo kuwa milimita 5.4, jibu linashuka hadi karibu 344, kwa kuwa kwenye hesabu ya eneo kipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Bado kuna pembe kati ya mawimbi na mkondo wa damu. Ikizidi nyuzi 60, kosa dogo la pembe huharibu sana hesabu ya kasi.

Tena kasi kubwa si dalili ya damu nyingi. Mahali mshipa uliposinyaa damu hukimbia zaidi, kama maji ya bomba la mpira unapoliziba nusu kwa kidole, hata kama kiasi kinachopita kimepungua. Daktari akiona kasi imepanda ghafla kwenye mshipa wa shingo, huanza kutafuta palipoziba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kifaa kile cha mkononi kilikupimia presha, na hiyo nayo ina kazi yake. Ukifanyiwa Doppler, sema umepimwa kasi ya damu. Na ukiambiwa ni mtiririko, uliza kwa upole kipenyo cha mshipa kilipimwaje.