Je, wajua kwa nini mtu huupenda mchezo asiowahi kuucheza?

Pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, bao huwa na wachezaji wawili na watazamaji tele. Kete 64, mashimo 32, na kila aliyesimama pale anajua shimo ambalo yeye angeanzia. Wapo ambao hawajashika kete mwaka mzima, na bado ni wapenzi wa bao. Hakuna anayewacheka.

Mimi nachekwa. Mchezo niupendao sijaucheza hata siku moja.

Ni ile michezo ya kuigiza mezani. Watu wanne watano hukaa pamoja. Mmoja husimulia, waliobaki kila mtu ana mhusika wake na husema anachofanya, na penye shaka dadu huamua. Uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Shida yake ni watu. Kuwapata watano Lamu jioni moja ni rahisi. Kazi ni kuwapata hao hao wiki ijayo, na ile inayofuata, maana hadithi moja huweza kwenda miezi. Mmoja yuko baharini, mwingine kaenda Mombasa, wa tatu ana arusi.

Basi kinabaki kitabu. Sheria za drafti hakuna azisomaye kitandani, lakini hivi vitabu vina ramani, miji, koo zenye visasi, majini ya kila aina. Ukisoma kwamba mlango fulani hufunguka dadu zikitoa tisa, tayari umeshajiona mbele ya mlango.

Tena michezo mingine huanza kuchezeka ungali peke yako. Chukua Traveller ya Marc Miller, ya mwaka 1977, ya safari za anga za juu. Haitaki dadu za ajabu zenye pande 20. Zile za ludo zatosha. Unarusha mbili mara sita, upate nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi. Mhusika wako ana miaka 18. Unamtafutia kazi, na kila miaka minne unarusha tena kuona kama yu hai. Naam, katika sheria zile za mwanzo anaweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza!

Juzi usiku niliazima dadu za mtoto wa ndugu yangu. Nikapata kijana wa akili 11 na hadhi 3, yaani mwerevu asiye na ukoo wa kujivunia. Nikamtia kwenye kikosi cha wapelelezi wa anga, kazi ya hatari kuliko zote kitabuni: ili usalimike lazima upate saba au zaidi, na katika namna 36 za dadu mbili kuanguka, ni 21 tu zinazokuokoa. Kupita mara tatu mfululizo ni bahati ya mmoja katika watano. Wa kwangu alijua urubani, akafika miaka 26, nikaanza kumwazia chombo chake mwenyewe. Dadu zikaanguka moja na tatu.

"Ami, umeshinda?" mwenye ludo akauliza.

Nikamwambia aniachie dadu kidogo. Safari hii nimemtia mtu wangu kwenye biashara, ambako tano yatosha.