Mama hana kisukari, mtoto ana kilo nne na nusu

Hapa Dodoma, swali hili naulizwa sana na akina mama waliojifungua watoto wakubwa: "Daktari, kliniki waliniambia sukari haipo. Mbona mtoto kazaliwa na kilo nne na nusu?" Mara nyingi nyumbani wameshamhukumu. Mama mkwe anasema amekula mno, jirani anasema ana kisukari anakificha. Mimi kabla ya kujibu humuuliza ulipimwaje, na mimba ikiwa na wiki ngapi.

Nauliza hivyo kwa sababu wengi walipimwa mkojo tu. Mkojo wa mjamzito unaweza kuonyesha sukari wakati hana ugonjwa wowote, na unaweza kuwa safi wakati kisukari cha mimba kipo. Kipimo kinachotegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama anafika asubuhi hajala, anatolewa damu, anakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha anatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya damu kufikia milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, hata kimoja tu, kunatosha kuita kisukari cha mimba. Ambaye hakupimwa hivyo siwezi kumwambia kwa uhakika kwamba hakuwa nacho.

Wapo basi waliopimwa vizuri na majibu yakawa safi. Hao ndio wengi kati ya mama wanaozaa watoto wakubwa, na hawajaficha chochote.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, lakini insulini yake haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, na insulini hiyo ndiyo inayomnenepesha. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2008, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba uwezekano wa kupata mtoto mkubwa hupanda kidogo kidogo kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata ikiwa bado chini ya kiwango cha ugonjwa. Mwenye 5.0 na mwenye 5.1 wanakaribiana mno, ila mmoja anapewa jina la ugonjwa na mwingine anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sukari si yote. Mama aliyeshika mimba akiwa mnene humpelekea mtoto mafuta mengi pia kupitia damu. Kuna kuongezeka uzito kupita kiasi wakati wa mimba, mimba kupita tarehe, kuzaa mara nyingi, kuwahi kuzaa mtoto mkubwa, na wazazi wenyewe kuwa na miili mikubwa. Watoto wa kiume nao huwa wazito kidogo. Huu ushauri wa "kula kwa ajili ya wawili" ningefurahi ukome kabisa. Mama aliyeanza mimba akiwa mnene anashauriwa aongezeke kilo 5 hadi 9 tu kwa mimba nzima. Lakini wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, na uzito wao wa mwanzo haujulikani.

Je, afanyiwe upasuaji? Ultrasaundi hukosea uzito kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo mtoto aliyekadiriwa kilo 4.5 anaweza kuzaliwa na kilo 4 kamili. Kwa mama asiye na kisukari, wataalamu wa Marekani hushauri upasuaji wa kupanga ufikiriwe makadirio yakifika kilo 5. Nakubaliana nao, maana kovu la upasuaji lina hatari zake kwenye mimba zijazo.

Ninachosisitiza ni mahali pa kujifungulia. Anayetoka kijijini Chamwino au Mpwapwa, na mtoto anakadiriwa kuwa mkubwa, asisubiri uchungu umkutie zahanati. Aje mapema kwenye hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Kichwa kinaweza kutoka, bega likanasa nyuma ya mfupa wa kinena. Hapo mkunga huita msaada, na mapaja ya mama hukunjwa kuelekea tumboni; mara nyingi hilo pekee hulifungua bega. Jamani, asitokee mtu wa kukandamiza tumbo kwa juu! Bega huzidi kunasa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Mtoto akishatoka tunamwangalia mama asivuje damu, kwa kuwa mfuko uliotanuka sana huchelewa kujikaza.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na sukari yake ipimwe hata kama mama hana kisukari. Mama naye aitunze kadi yenye uzito huo wa kuzaliwa. Mimba ijayo, siku ya kwanza kabisa kliniki, amwonyeshe nesi kadi hiyo na aombe kipimo cha kunywa glukosi.