Dhamana ya Serikali Haimkagui Mkandarasi

Hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Majengo, wengi wanaamini kwamba mkopo wa kukarabati nyumba ukidhaminiwa na serikali, mkandarasi naye kashakaguliwa. Sivyo. Dhamana humlinda mkopeshaji: ukishindwa kurejesha, benki ndiyo hufidiwa. Paa likivuja masika, marejesho yanaendelea kukatwa vilevile.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, huwasajili kwa madaraja. Ulizia huko jina la kampuni kabla ya kusaini. Lakini watu huumia zaidi kwenye malipo. Tafadhali, usikabidhi fedha zote mwanzoni eti bati zitapanda bei. Lipa kwa hatua zilizoandikwa kwenye mkataba, na ubakize sehemu mpaka kazi ikaguliwe.