Bei ya mnada si pesa ya mkononi

Kila msimu wa korosho, magrupu ya Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hupokea ujumbe uleule: bei ya mnadani ni yako yote, ukipungukiwa hata senti umeibiwa. Si kweli. Bei ile ni kabla ya makato ya usafirishaji, ghala na chama cha ushirika. Tuseme mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo na makato halali 200 kwa kilo: kilo 400 zitakupa 1,120,000, si 1,200,000.

Mkanganyiko unaeleweka. Kinachovuma mtaani ni bei ya mnada, na wizi kweli upo. Ndiyo maana ujumbe huu unaniuma: mkulima anapigania makato halali huku mizani iliyochezewa, kilo zinazopungua ghalani na makato yasiyopitishwa na mkutano wa wanachama vikipita kimya. Aliyekata tamaa naye huishia kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa.

Tafadhali msiusambaze. Tunza risiti ya mzani, linganisha kilo zake na za malipo ya benki, kisha omba chama cha msingi mchanganuo wa makato kwa maandishi. Hesabu zikigoma, mpelekee risiti hizo ofisa ushirika wa wilaya.