Msomi na Msala: Dhana Potofu Kuhusu Akili na Imani

Jioni moja tulikuwa barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa chungu inazunguka na sahani ya kashata. Kijana wa jirani, yuko likizo kutoka chuo kikuu, akamwambia babu yangu: "Babu, niwie radhi, lakini mtu aliyesoma kweli hawezi kuamini haya mambo ya dini."

Babu hakubishana naye. Alikuwa na mirathi ya watu mkononi, akamsomea. Marehemu kaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane. Saba ya nane iliyobaki yagawanywa mafungu saba, kila mwanamume mawili, kila binti moja. Kijana alipokuwa bado yuafungua simu apige hesabu, babu alishamaliza kwa vidole: kila binti thumuni, kila mwana wa kiume thumuni mbili, hakibaki kitu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na maneno ya kijana yule nayasikia kila muhula. Yanastahili kujibiwa kwa heshima.

Dhana: dini ni ya wasiosoma.

Hesabu ya babu ina ukoo. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa wasia na mirathi. Dini ndiyo iliyomletea maswali.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi na zama zetu, mtazame Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulianza kutoka kitu kimoja kidogo mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoinua nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Aliona fizikia isimame kwa miguu yake, na imani kwa yake. Abdus Salam, mwanafizikia Mwislamu wa Pakistan, alikuwa na mwelekeo mwingine: kwenye karamu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 alisoma aya za Qur'ani zinazomtaka mtu atazame mbingu tena na tena kama ataona kasoro. Kwake imani ilikuwa sababu ya kutafiti. Wanafizikia wawili, waumini wawili, wala hawakufanana.

Dhana: utafiti umeshathibitisha kuwa mwenye akili haamini.

Hapa pana ukweli kidogo, na sipendi kuuficha. Mwaka 2013 watafiti walikusanya tafiti 63, wakaona kuwa wenye alama za juu katika vipimo vya akili walielekea kuwa na dini kidogo kuliko wenzao. Lakini uhusiano huo ulieleza chini ya asilimia 6 ya tofauti za imani baina ya watu, na sehemu kubwa ya waliopimwa walikuwa watu wa nchi za Magharibi. Kwa kiwango hicho huwezi kumtazama jirani yako ukajua imani yake kwa kujua alama zake.

Kuna na jaribio la mwaka 2012. Watu 57 walionyeshwa picha ya sanamu, wengine ile ya mchongaji Rodin ya mtu aliyeshika kidevu akifikiri, wengine ya mrusha kisahani. Walioona ya mwenye kufikiri walisema wanamwamini Mungu kidogo zaidi. Habari ikaenea. Mwaka 2017 wengine walilirudia kwa watu 941, na tofauti ile haikuonekana.

Dhana: fulani ni bingwa na anaamini, basi dini yake ni ya kweli.

Hii ni yetu sisi waumini, nayo yaniudhi zaidi. Tembea kutoka Msikiti wa Mandhry hadi kanisa kuu la Holy Ghost, kisha upite mahekalu ya Wahindi: kila mahali utakuta madaktari na wahandisi, na wengi wao wamo katika dini waliyozaliwa nayo. Newton, anayetajwa sana na Wakristo, kwa siri aliukataa Utatu. Akili humsaidia mtu kuchunguza, na humsaidia vilevile kutetea alichokwisha kukishika.

Dhana: anayeamini ameacha kuuliza.

Kesho yake kijana alirudi na karatasi. Alitaka kumkamata babu: mwanamke kafa, kaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, dada theluthi mbili. Jumla saba ya sita! Mali haitoshi.

Babu uso ukamng'aa. "Mwanangu, hapo ndipo walipokwama masahaba, enzi za Khalifa Umar." Akamweleza: waligawa kwa saba badala ya sita, mume tatu, kila dada mbili, kila mmoja akapunguziwa kwa kadiri yake. "Na Ibn Abbas, naye sahaba, hakukubali."

"Kwa nini hakukubali?"

Babu akamsogezea kikombe, akaanza kumpa hoja za Ibn Abbas, moja baada ya nyingine, mpaka ikaadhiniwa magharibi.